Koti Namba Arobaini na Moja

Kwa heshima na taadhima, umma unatangaziwa kwamba siku ya Jumapili, saa nne na nusu asubuhi, katika sebule yenye makochi mawili, stuli tatu na feni inayozunguka inapojisikia, ukoo ulikaa kikao kamili ukamteua Mshauri Mkuu wa Vyuo, Kozi na Mustakabali wa Vijana katika Sekta ya Afya. Uteuzi ulianza mara moja. Aliyeteuliwa ni dobi.

Msicheke bado. Hakuwa dobi wa hivihivi, wa kunyoosha mashati ya majirani. Alikuwa dobi wa hospitali kuu, mwaka wa kumi na tisa sasa, mwenye ufunguo wake mwenyewe wa mlango wa nyuma na mashine mbili zinazotikisa sakafu kama zinataka kuhama. Watu walimwita Povu. Povu moja lilikuwa mikononi na jingine mdomoni, na waliomfahamu walisema lile la mikononi angalau linasafisha.

Kikao kiliitishwa kwa ajili ya mpwa wake, binti wa dada yake mkubwa. Binti alikuwa na miaka kumi na minane, na tangu akiwa mdogo aliitwa Maswali, kwa sababu hata ukimpa pipi alikuuliza imetengenezwa na nini. Matokeo yake ya mtihani yalikuwa yametoka: Biolojia B, Kemia C, Fizikia D. Alitaka kusomea mambo ya hospitali. Fomu ya maombi ilikuwa ya mtandaoni, yenye nafasi tatu za kujaza kozi na chuo, na mwisho wake ulikuwa Ijumaa saa kumi alasiri. Ukishatuma, unaruhusiwa kurekebisha mara moja tu. Ukikosea hapo, unakaa nyumbani mwaka mzima ukiwaona wenzako wakipita na madaftari.

Katika ukoo huo wote, hakuna mwingine aliyekuwa ameingia hospitali kwa kazi. Wengine wote waliingia kwa kubebwa.

"Wewe ndiye uliye ndani kule," dada mtu alimwambia. Alikuwa fundi cherehani, na hata kikaoni alikuja na sindano imechomekwa kwenye ukosi. "Mwelekeze mtoto. Sisi tutamwambia nini? Mimi najua vifungo tu."

"Mwachieni mwanangu," alisema Bibi, mama yao, akiwa amekalia kochi zuri peke yake. "Huyu anawajua madaktari wote kwa majina."

Hapo Bibi aliteleza kidogo. Povu aliwajua madaktari wote kwa namba.

Kila koti la hospitali lilikuwa na namba ya wino kwenye kola, na mshono wa uzi wa rangi unaoonyesha idara. Uzi mwekundu wodi ya wazazi, kijani maabara, njano dawa, bluu eksirei. Jumatatu magunia yalishuka kwa kapu la magurudumu, naye aliyachambua mwenyewe, koti moja moja, akiligeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amejijengea elimu. Watu wa maabara walileta madoa ya zambarau kwenye mikono ya koti, yasiyotoka hata uyasomee dua. Wa meno walileta vitone vidogo kifuani. Wa dawa walileta unga mfukoni. Madaktari walileta wino uliovuja na makombo ya biskuti, kuonyesha kwamba wao pia ni binadamu na hawapati muda wa kukaa mezani. Gunia la wodi ya wazazi alilifungua akiwa ameangalia pembeni.

Na katikati ya uchafu huo wote kulikuwa na koti moja. Namba arobaini na moja, uzi wa bluu. Wiki baada ya wiki lilishuka likiwa safi. Halikuwa na doa, kikunjo wala jasho kwapani. Mwanzoni Povu alidhani limechanganywa na yaliyokwisha fuliwa. Baadaye alianza kuliheshimu. Alilifua peke yake, akalipiga pasi mara mbili, na wakati mwingine, akiwa na uhakika kwamba hakuna anayemsikia, alilisalimia. Hakuwahi kumwona mwenyewe, lakini alimjua. Huyo, alijisemea, ndiye mtu aliyesoma.

Kwa hiyo kikaoni hakuja mikono mitupu. Alikuja na vielelezo viwili ndani ya mfuko mweusi wa plastiki.

"Kwanza tumsikilize mhusika," alisema, kwa sauti aliyoifanyia mazoezi. "Mpwa wangu, moyo wako unataka nini?"

"Ukunga, mjomba," alisema Maswali.

"Ukunga."

"Ndiyo. Nimesoma kijitabu cha mwongozo. Wanataka Biolojia C na Kemia D, ninazo. Fizikia hawataki. Na chuo cha serikali kipo hapa hapa mjini, kimesajiliwa, wanafunzi wanaingia wodini kuanzia—"

"Subiri, mama. Subiri." Povu alitia mkono mfukoni, akalivuta koti namba kumi na saba. Uzi mwekundu. Alikuwa amelichomoa Jumamosi kwenye gunia la dharura kabla halijagusa maji. Alilishika kwa mabega, akalitandaza mbele ya ukoo kama muuza mapazia.

Dada mtu akapiga ukelele. Shemeji, dereva wa lori la mchanga ambaye kwa kawaida hastuki hata breki zikigoma, alirudi nyuma na stuli yake. Mbele ya koti lile, kuanzia kifuani mpaka kwenye pindo, kulikuwa na doa moja kubwa la damu iliyokauka, na mikono yote miwili ilikuwa imelowa mpaka kwenye viwiko.

"Mjomba, vaa glavu," alisema Maswali. Hakuna aliyemsikia.

"Hii ndiyo kazi unayoitaka," alisema Povu. "Sasa fikiria umeolewa. Umerudi nyumbani hivi. Mumeo anakufungulia mlango. Atakuuliza, mke wangu, umetoka kazini au umetoka kuchinja?"

Sebule ililipuka. Bibi alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. Shemeji alipiga paja. Ulikuwa mzaha mzuri, na Povu aliujua kuwa ni mzuri, maana aliutunga Jumamosi asubuhi na kuujaribu siku nzima huku akipiga pasi shuka. Watu walipoanza kutulia akaongeza, "Na wewe utamwambia, tulia baba watoto, nyama inakuja," wakaanza upya.

Maswali aliangalia vidole vyake vya miguu.

Kisha, kicheko kikiwa bado kinaendelea, Povu akaliacha lile koti lidondoke juu ya mfuko wake, akatoa la pili. Hili, alilolizuia chumba cha kufulia tangu Jumatano, lilikuwa kwenye hanga. Arobaini na moja. Lilikuwa jeupe hata feni ikaonekana kuona aibu.

"Mwaka mzima na zaidi," alitangaza, "sijaona hata tone kwenye koti hili. Hili ni la eksirei. Mtu anabonyeza kitufe, mashine inafanya kazi, yeye amesimama nyuma ya kioo kama meneja wa benki. Mtoto wetu atasoma eksirei."

Makofi. Maswali akainua mkono, kama yuko darasani. "Mjomba, eksirei wanataka Fizikia C. Mimi nina D."

"Nani kasema?"

"Kijitabu."

"Na aliyeandika kijitabu, amewahi kufua?"

Hilo nalo likapigiwa makofi, na swali la Fizikia likafia hapo. Lilipokuja suala la chuo, Mshauri Mkuu hakuhitaji hata kielelezo. Hospitalini walikuja wanafunzi wa mazoezi kutoka vyuo viwili. Wa chuo cha serikali, kile chenye rangi iliyobanduka ukutani, makoti yao yalishuka kwa dobi yakiwa kama yametumika kuzima moto. Wa chuo cha binafsi, kile chenye bango la vioo barabara kuu, makoti yao yalishuka kama karatasi.

"Chuo kinachofundisha usafi," alisema Povu, "kinafundisha kila kitu."

Jumatatu walikwenda kwenye duka la kuchapa. Maswali alijaza, Povu akasoma kwa sauti nyuma ya bega lake ili duka zima lifaidike. Eksirei, chuo cha bango. Eksirei, tawi la pili la chuo cha bango. Eksirei, tawi la tatu. Kidole cha Maswali kilisita juu ya kitufe cha kutuma.

"Bonyeza, mpwa wangu. Utanishukuru."

Akabonyeza.

Mambo yangeishia hapo kama Povu angekuwa mshauri wa kawaida, wa kushauri na kuondoka. Lakini alipenda kazi yake imalizike na pasi. Akaamua kwamba Jumatano, kabla ya zamu ya mchana, ampeleke binti hospitali akaonane na mwenye koti lile ana kwa ana. "Akuone," alisema. "Akujue. Kesho na keshokutwa ukimkuta chuoni anafundisha, atasema, ah, huyu si yule wa kwetu?"

Alivaa sare iliyonyooshwa mpaka ikakwaruza shingo. Walipita mlango wa nyuma, wakapita chumba cha kufulia, wakashika ukumbi mrefu wenye benchi za chuma. Povu aliwasalimia wote waliopita, na wachache wakaitika. Mbele ya eksirei palikuwa na foleni. Kijana mmoja alikuwa ameshikilia mkono wake kama mtu aliyebeba mtoto wa mwenzake.

Ndani walimkuta mpiga eksirei mmoja, mwanaume mwenye macho mekundu. Koti lake lilikuwa namba thelathini na nane. Povu alilitambua kabla ya kuitambua sura: vumbi la plasta begani, na chini ya mfuko doa la njano la mgonjwa aliyetapika wakati wa kugeuzwa. Alikuwa akimfulia mtu huyu miaka sita, na akamhukumu miaka sita kuwa mzembe.

"Mkubwa, pole na kazi," alisema Povu. "Samahani kwa usumbufu. Tunamtafuta mheshimiwa wa arobaini na moja."

"Wa nini?"

"Namba arobaini na moja. Koti. Huyu mpwa wangu anataka kusomea fani yenu, nikasema aanzie kwa aliye bora."

Mpiga eksirei alimwangalia, akamwangalia binti, kisha akafikiri. "Arobaini na moja. Yule mrefu? Yule aliacha kazi mwaka juzi. Ana duka la simu sasa." Akaufunga mlango nusu. Nyuma yake palikuwa na msumari, na kwenye msumari, jeupe na limenyooka, lilining'inia koti. "Hili hapa. Aliliacha. Msafishaji wetu kila Jumatatu anakusanya kila kilichotundikwa, anakipeleka kufuliwa, Jumatano anakirudisha pale pale. Tumemwambia mara kumi. Anasema orodha ni orodha." Akaanza kucheka, cheko la mtu ambaye hajalala vizuri. "Kwani ni wewe unayelifua? Sisi huwa tunajiuliza ni nani huyo anayeifulia hewa koti. Na pasi juu!"

Povu alihisi masikio yake yakipata moto, moja baada ya jingine.

"Na wewe mdogo wangu," mpiga eksirei alimgeukia Maswali, "Fizikia una ngapi?"

"D."

"Basi huku hawakupokei. Si kwa ubaya. Mfumo wenyewe unakutupa nje kabla mtu hajasoma jina lako. Mmeshatuma?"

"Tumetuma," alisema Maswali.

"Chuo gani?"

Povu, kwa ujasiri wa mwisho uliobaki, aliwanyooshea kidole vijana wawili waliokuwa wameegemea ukuta wa ndani, makoti meupe pe, mikono nyuma.

"Chuo cha hawa," alisema. "Angalia walivyo nadhifu."

Mpiga eksirei alishusha sauti ili wale wawili wasisikie. "Mzee wangu, hawa ni nadhifu kwa sababu hawaruhusiwi kugusa kitu. Chuo chao hakijasajiliwa na baraza la vyuo. Wanakuja, wanasimama pale, saa nane wanaondoka. Nawahurumia. Wakimaliza hakuna atakayewaajiri." Akaita mgonjwa anayefuata, akaenda kumsaidia yule kijana mwenye mkono, na vumbi jingine la plasta likamwangukia begani.

Kutoka mlango ule mpaka chumba cha kufulia ni hatua mia moja na kitu. Maswali alitembea kando yake bila neno la lawama, na hilo ndilo lililomchoma Povu. Angemcheka. Angesema "nilikwambia, mjomba." Alitamani mtoto amtukane kidogo, apate cha kujibu. Lakini binti alitembea taratibu, akipunguza hatua ili zilingane na zake, kama unavyotembea na mtu aliyetoka kuchomwa sindano.

Walikuwa wamebakiza mlango mmoja tu.

"Povu!"

Alikuwa mkunga mkuu, mama mfupi mwenye mabega mapana, mwenye sauti ambayo watoto wengi wa mji ule waliisikia kabla ya kumsikia mama yao. Koti alilovaa lilimbana hadi vifungo vilikuwa vinasali, na mikono ya koti iliishia kwenye viwiko.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba. Koti langu liko wapi? Kumi na saba. Jumatatu umeniletea hili la akiba, la mtu aliyekuwa bado ananyonya. Nageuka kumshika mgonjwa, nasikia mshono unalia. Kumi na saba liko wapi?"

Povu alifungua mdomo. Wakati huo ndipo alipokumbuka. Koti alikuwa amelidondosha juu ya mfuko, sebuleni kwa dada, watu wakicheka. Arobaini na moja alilirudisha kwa hanga, amelikumbatia njia nzima. Lile jingine hakulifikiria tena.

"Sista, lile koti... lilikuwa..."

"Najua lilikuwaje. Nililivaa mimi." Mkunga alishusha sauti. "Ijumaa yule mama alimwagika kama bomba. Damu haikamatiki, daktari yuko chumba cha upasuaji, na mimi nimelikamata tumbo la uzazi kwa mikono hii miwili, ndani na nje, dakika arobaini, siwezi kuachia hata kujikuna. Nikiachia anakwenda. Saa hizi amekaa kitandani analalamika uji una sukari kidogo. Sasa mimi sidai medali, Povu. Nadai koti linalonienea."

Povu aliliona tena doa lile, kutoka kifuani mpaka pindoni, na mikono iliyolowa mpaka viwikoni. Akausikia mzaha wake, wote, neno kwa neno, pamoja na kile kipande cha nyama alichoongeza watu walipoanza kutulia. Alijisikia kama mtu aliyesimama uchi kwenye ukumbi ule, na wagonjwa wote kwenye benchi za chuma wakiwa na nambari zao mkononi, wakisubiri zamu ya kumtazama.

Ilibidi aseme. Akavuta pumzi.

"Liko kwetu, Sista," alisema Maswali. "Shikamoo. Mimi ni mpwa wake. Nimelifua. Nililoweka Jumapili kwenye maji baridi na chumvi, nikabadilisha maji mara nne. Nilivaa glavu. Limebaki kupigwa pasi."

Mkunga alimwangalia binti, kisha Povu, kisha binti tena. "Na lilifikaje kwenu?"

"Mjomba alinipa nijifunze."

Ulikuwa uongo mweupe kuliko koti namba arobaini na moja. Mkunga aliuona, maana kazi yake ni kuwasikiliza watu wakisema "sijambo" wakiwa hoi. Lakini aliupitisha.

"Na ulijifunza nini?"

"Kwamba maji ya moto yanaigandisha damu."

"Nani alikwambia?"

"Yeye. Nikiwa mdogo."

"Hm." Mkunga alijaribu kukunja mikono, koti likamkatalia. "Na unataka kusoma nini, binti?"

"Nilitaka ukunga."

"Ulitaka? Nani kakukataza?"

Kulikuwa na bango la kunawa mikono ukutani, hatua sita zenye picha. Povu alilisoma lote, kwa makini kuliko siku zote. Alisubiri jina lake litajwe.

"Hakuna," alisema Maswali. "Nilijaza fomu vibaya."

Ndani ya chumba cha kufulia Povu aliketi juu ya kapu la magurudumu, kitu alichowakataza wengine kukifanya kwa miaka kumi na tisa. Mashine ya kushoto ilikuwa inakamua, sakafu inatetemeka. Hakujua aweke wapi mikono yake. Ilinuka dawa ya madoa, kama siku zote, na leo harufu hiyo ilimkera.

"Uliliondoa saa ngapi?" aliuliza. "Pale sebuleni."

"Mlipokuwa mnacheka."

Hakusema kwa ubaya. Aliulizwa saa, akataja saa. Povu aliinamisha kichwa, akachunguza viatu vyake, ambavyo navyo havikuwa na jipya la kumweleza.

"Mpwa wangu."

"Abee, mjomba."

"Nilikuwa..." Neno likagoma. Akajaribu mlango mwingine. "Lile la nyama..."

"Bibi alilipenda," alisema Maswali.

Afadhali angempiga kibao. Povu alisimama, akaliacha kapu. "Kile kijitabu chako. Unacho?"

Alikuwa nacho. Kilikuwa kwenye mkoba, kimekunjwa mara mbili, pembe zimechakaa kwa kufunguliwa. Kurasa za ukunga zilikuwa na alama za penseli pembeni: sifa za kujiunga, namba ya usajili wa baraza, wodi za mazoezi, bweni, tarehe ya kuripoti. Kwenye ukurasa wa uuguzi alikuwa ameandika "hii iwe ya pili." Kwenye ukurasa wa chuo cha bango, pale namba ya usajili inapopaswa kuwa, alikuwa ameizungushia duara nafasi tupu na kuweka alama ya kuuliza. Alikuwa amefanya hivyo kabla ya kikao. Kijitabu hiki kilikuwa mapajani mwake Jumapili nzima, wakati mshauri wake anaonyesha hanga.

Saa tisa, baada ya Povu kuomba ruhusa kazini, walikuwa kwenye duka la kuchapa. Kurekebisha mara moja tu. Maswali alijaza taratibu, akisoma kila mstari mara mbili. Ukunga, chuo cha serikali cha hapa mjini. Ukunga, chuo cha serikali cha wilaya ya jirani. Uuguzi, chuo kile kile cha kwanza. Povu alisimama nyuma, mbali kidogo, ameshika mkoba wa binti kifuani.

"Mjomba leo mbona kimya?" mwenye duka alimchokoza. "Jumatatu tulikusikia mpaka nje. Unaumwa?"

"Kidogo," alisema Povu.

Maswali aligeuka kabla ya kubonyeza. "Niangalizie, mjomba. Namba ya mtihani nimeiandika sawa?"

Alikuwa anampa kazi. Povu alilijua hilo. Akasogea, akaisoma namba ile tarakimu kwa tarakimu, kama alivyosoma kola maelfu kwa maelfu maishani mwake.

"Sawa," alisema. "Iko sawa."

Siku nne zilizofuata alitembea na aibu ile kama kokoto ndani ya soksi. Alhamisi gunia la wodi ya wazazi liliposhuka nje ya ratiba hakuangalia pembeni, na hakujisikia shujaa kwa hilo. Lilikuwa gunia la nguo, na yeye ndiye mfuaji. Ijumaa alikwenda kwa msafishaji wa eksirei, wakabishana nusu saa kuhusu orodha, akashindwa. Koti la arobaini na moja liliendelea kufuliwa. Hakulisalimia tena.

Jumapili ukoo ulikaa kikao cha pili, wenye makochi kwenye makochi, wa stuli kwenye stuli. Dada mtu alikuwa amesikia tetesi kwamba fomu imebadilishwa, na sindano kwenye ukosi ilikuwa imemwelekea kaka yake.

"Nasikia tumerudi kwenye ukunga," alisema. "Wiki iliyopita tulipiga makofi hapa kwa ajili ya eksirei. Tulipiga makofi ya nini?"

Povu alisimama. Alikuwa ameandaa maneno, na safari hii hakuyafanyia mazoezi. Lakini Maswali alimtangulia. Mapajani alikuwa na koti namba kumi na saba, limekunjwa vizuri, jeupe, pasi kali. Kesho yake lilikuwa linarudi kwa mwenyewe.

"Mama, ni mjomba aliyenishauri nibadilishe," alisema. "Alinipeleka mpaka hospitali. Akanionyesha eksirei, akanikutanisha na mkunga mkuu. Kile chuo cha bango hakijasajiliwa, na bila yeye nisingepata wa kunithibitishia."

Kila neno lilikuwa la kweli ukilitazama lilipo, na yote kwa pamoja yalikuwa zawadi. Alikuwa anamrudishia mjomba wake cheo, kimefuliwa, kimekunjwa.

Sebule ikageuka. Dada mtu alilegeza shingo. Shemeji alitikisa kichwa kwa heshima, kama anavyotikisa akiona dereva mwenzake amepita daraja bovu. Na Bibi, kwenye kochi zuri, alipiga makofi peke yake.

"Nilisema mimi! Nilisema mwachieni mwanangu!" Akamwita kwa mkono. "Njoo hapa, njoo. Waeleze hawa. Chuo kina bango la vioo, sisi wote tumedanganyika. Wewe ulijuaje?"

Wote waliinama mbele wasikie. Feni ikasimama. Wiki iliyopita angehitaji robo saa na hanga. Povu alimwangalia Maswali, naye alikuwa anaangalia koti mapajani, akilainisha kola kwa kidole gumba, pale kwenye namba.

"Sikujua, mama," alisema. "Mimi nafua."